Vidonge Kwenye Kopo la Vifungo

Machi 4
Nesi amenipa kazi. Amesema, "Mama, nunua daftari, uwe unaandika binti yako anakwenda chooni mara ngapi kwa siku. Habari za kukumbuka kwa kichwa hatuzitaki." Nimenunua hili la mistari mipana kwa sababu macho yangu si yale ya zamani. Nikamuuliza kama naruhusiwa kuandika na mambo mengine. Akacheka, akasema daftari ni lako, jaza utakavyo.
Leo mara 9. Mvua imeanza mchana.

Machi 5
Mara 8. Vidonge vimeanza leo, asubuhi na jioni, siku kumi na nne.

Machi 6
Mara 8.

Machi 8
Mara 7. Acha nieleze, maana daftari likipotea likaokotwa, atakayesoma atadhani nina mtoto mchanga. Ninayemhesabia ni mtu mzima wa miaka ishirini na saba, mwalimu wa darasa la tatu. Nyumbani tunamwita Kifungo. Alipokuwa na miaka miwili alimeza kifungo cha koti la mteja wangu, nikakaa siku tatu nachokoachokoa choo chake kwa kijiti mpaka kikatoka. Nikakichemsha, nikakishonea kwenye koti lilelile. Mteja hajui mpaka kesho. Nilidhani kazi ile nimeshaimaliza.

Miaka mitatu iliyopita utumbo wake mpana ulivimba ukajaa vidonda. Alikuwa anaharisha damu, akakonda mpaka pete ikawa inadondoka kidoleni. Wakaukata wote. Miezi minane choo chake kilipita kwenye mfuko uliobandikwa tumboni. Halafu wakampasua tena, wakaukunja utumbo mdogo, wakatengeneza kifuko kwa ndani, wakakiunganisha chini. Mfuko wa nje ukaondoka. Baba yake ni fundi bomba, na ndugu walipokuja kumjulia hali aliwaeleza hivi: "Bomba kubwa lilioza, wamelitoa. Hili dogo wamelitengenezea tangi. Sasa mambo yanapita njia yake." Tangu siku ile sisi wote tunaita tangi, hata Kifungo.

Shida ni kwamba tangi linavimba. Daktari anasema mle ndani wanaishi bakteria, wapo wazuri na wapo wabaya, na wabaya wakishika nyumba tangi linawaka. Anapewa antibaiotiki, linatulia. Mwezi mmoja, miwili, linaanza upya. Hii ni mara ya tatu.

Machi 9
Mara 7. Vidonge vinamwachia ladha ya chuma mdomoni. Anasema ni kama kushinda unalamba ufunguo.

Machi 11
Mara 6. Daktari alisema sita kwa mtu wa namna yake si mbaya. Nimeshona sketi nne za shule nikiwa naimba. Baba Kifungo akachungulia mlangoni, "Huyo anayeimba amelipwa au amechanganyikiwa?"

Machi 12
Mara 6.

Machi 14
Mara 5. Tano!
Jana ilikuwa siku ya tisa ya dawa. Nimefanya kama nilivyofanya zile mara mbili za mwanzo. Nimesimamisha. Vidonge mimi ndiye ninayevishika, nampa mkononi na glasi ya maji kama alipokuwa mdogo, kwa hiyo nimemwambia dozi imekwisha. Alifurahi, maskini. Amekunywa chai ya maziwa bila kukunja uso.

Mimi ni fundi cherehani. Kila sketi ninayoshona naiachia pindo la vidole vitatu kwa ndani, kwa sababu mtoto atarefuka na mama yake hatanunua nyingine. Ukikata kitambaa chote kimekwisha. Ukiacha kidogo, una pa kuanzia siku ya siku. Dawa hizi nazo zinakosekana, mara ziko, mara hakuna. Vimebaki kumi. Nimeviweka kwenye kopo la vifungo, chini kabisa, pamoja na vile vya zamani.

Yule daktari hawezi kuelewa haya. Ni mwanamke mrefu, hacheki, hakai kwenye kiti, anaongea na wewe huku amesimama kama anasubiri gari. Kimoyomoyo namwita Mkavu.

Machi 17
Mara 5.

Machi 18
Mara 5. Mvua siku nzima. Nguo za wateja hazikauki.

Machi 24
Mara 6.

Machi 29
Mara 8. Nimemuuliza umekula nini. Amesema, "Mama, nimekula ulichopika."

Aprili 1
Mara 9. Baba yake haonekani nyumbani, mitaro yote ya mtaa imejaa, watu wanamwita huku na huku. Anarudi amelowa mpaka soksi.

Aprili 3
Mara 11.

Aprili 7
Sijui nianzie wapi.
Amerudi saa nne asubuhi kwa miguu, kwenye mvua, mwavuli umefungwa mkononi. Sweta amelifunga kiunoni. Nilikuwa napima kiuno cha mteja. Nikamwona anapita nje ya dirisha, nikajua. Mteja nikamwambia, "Dada, njoo kesho," nikamtoa na futi ya kupimia bado kiunoni mwake.

Alikuwa ameingia bafuni na nguo zake zote. Nikabisha.
"Niache, mama."
"Nikupashie maji?"
"Niache kwanza."
Nikakaa sakafuni nje ya mlango. Maji yakamwagika muda mrefu. Baadaye ndiyo akaongea, mlango ukiwa umefungwa. Alikuwa anafundisha kujumlisha kwa kubeba. Choo cha walimu kiko ng'ambo ya uwanja. Alishaenda mara mbili kabla ya saa tatu, akaona aibu kutoka tena, akasema amalize hesabu moja. Hakuimaliza. Akahisi joto linashuka mguuni. Mtoto wa dawati la mbele akasema, "Mwalimu, unanuka." Hakusema kwa ubaya, anasema, alimwambia kama unavyomwambia mtu kamba ya kiatu imefunguka.

"Wakacheka?"
"Hawakucheka. Ingekuwa afadhali wangecheka."

Nimefua zile nguo kwa mkono, mara tatu. Mara 13 leo, hiyo ya darasani ikiwemo.

Aprili 9
Tumekwenda kliniki. Mkavu akasoma daftari hili, ukurasa huu na ule, anatafuta namba tu, nikawa naomba asisome mengine. Mwandiko wangu umenisaidia, hausomeki haraka. Akamuuliza Kifungo:
"Mara ya mwisho dawa ulimaliza?"
"Nilimaliza."
"Siku zote kumi na nne?"
"Mama ndiye ananipa. Muulize."
Wakanitazama wote wawili. Nikasema, "Zote, daktari." Nilisema haraka, kama mtu anayefukuza nzi.

Mkavu amechukua choo kwenye kichupa wakakipime, waone ni bakteria gani na dawa ipi inawaweza. Amesema mpaka majibu yatoke hatoi kidonge hata kimoja, kwa sababu hizi dawa zikitumiwa ovyo wale wazuri wanakufa na wabaya wanabaki, na wanaobaki wanakuwa wameshazizoea. Siku nne au tano. Njiani kurudi Kifungo alinishika mkono. Nilitamani aniachie.

Aprili 10
Mara 13. Majibu bado.

Aprili 11
Mara 14. Damu kidogo. Majibu bado. Maji yamejaa barabarani, baba yake ameweka mifuko ya mchanga mlangoni.

Aprili 12
Mara 14. Homa imeanza. Anatetemeka chini ya mablanketi mawili. Nimempigia nesi, amesema akizidi mleteni, majibu ni kesho au keshokutwa. Kesho au keshokutwa! Angekuwa wake angesema hivyo?

Aprili 13
Asubuhi nimefungua kopo la vifungo. Nikatoa vidonge viwili, si kimoja, nikaona viwili vitakuwa na nguvu zaidi. Nikampelekea na maji. Alikuwa ameshavitia mdomoni ndipo akasita. Ile ladha. Akavitema kiganjani.
"Mama, hizi zimetoka wapi? Daktari hakutoa dawa."
"Meza tu mwanangu. Ni zilezile zako."
"Zangu zilikwisha."
Mtoto niliyemzaa mwenyewe ananijua nikinyamaza maana yake nini. Akainuka kitandani anashika ukuta, akaja mpaka chumba cha cherehani, akaona kopo liko wazi. Akalimwaga lote juu ya meza ya kukatia. Vifungo vikatawanyika, vingine vikaanguka chini vikizunguka. Akaanza kuchambua. Vifungo huku, vidonge kule, akihesabu kwa sauti kama yuko darasani.
"Ishirini na viwili. Na hivi viwili, ishirini na vinne." Akanitazama. "Mara zote tatu?"
"Nilikuwekea akiba. Nikasema siku dawa zikikosekana..."
"Mama, mimi si sketi."

Hakupiga kelele. Alisema hivyo tu, akarudi kulala akageukia ukutani. Mimi nimeokota vifungo. Kazi ya kuokota vifungo inachukua muda, nashukuru.

Aprili 14
Jana mchana homa ilipanda, akaanza kuongea maneno ya hovyo, anaita majina ya wanafunzi. Baba yake alikuja na pikapu yake ya kazi, tukamlaza kiti cha mbele, mimi nikakaa nyuma na mabomba, mvua yote yangu. Amelazwa. Sindano ya maji mkononi. Mara 15, lakini sasa manesi ndio wanahesabu, mimi nanakili kutoka kwenye karatasi yao iliyotundikwa kitandani.
Haongei na mimi. Akitaka maji anamwambia baba yake.

Aprili 15
Mara 15. Baba yake ameniuliza nje kwenye korido, "Mama Kifungo, kuna nini kati yenu?" Nikamwambia yote. Alikuwa anakunja kofia yake na kuikunjua. Nilingoja anifokee. Akasema, "Kamwambie daktari."
"Nitaonekanaje?"
"Utaonekana ulivyo. Mimi nikiitwa kuzibua, mwenye nyumba akinificha alichotupa kwenye sinki, nafanyaje kazi?"

Aprili 16
Nimemwambia Mkavu. Nilimsubiri mlangoni mwa wodi tangu asubuhi, kopo nimelishika mkononi. Nilisema yote bila kuweka nukta. Mara ya kwanza vilibaki sita, ya pili vinane, ya tatu kumi. Kwamba nilimdanganya. Kwamba nina darasa la tano tu na nilidhani dawa ni kama kitambaa.

Akavuta kiti akakaa. Sijawahi kumwona amekaa. Akachukua kopo, akalifungua, akaangalia ndani, akalifunga.
"Majibu yametoka jana," akasema. "Wale bakteria dawa hii haiwafanyi kitu tena. Na ile nyingine ninayoiamini, nayo haiwafanyi kitu."
"Ni mimi?"
Akaliweka kopo mapajani.
"Mama, wapo wagonjwa wanaomaliza dozi mpaka kidonge cha mwisho na tangi linakataa hivyohivyo. Siwezi kukuambia ni wewe. Na siwezi kukuambia si wewe."
Nikamwambia afadhali angenitukana. Akasema, "Najua."
Kisha akasema ananishukuru kwa kusema, kwa sababu sasa anajua dozi zile tatu hazikuwa kamili, na inayofuata itatolewa hapahapa wodini mpaka siku ya mwisho. Kumbe na yeye anaita tangi. Hilo neno amelitoa kwetu.

Aprili 17
Wamemwekea dawa nyingine, ya mshipani, ya siku kumi. Mara 14.

Aprili 19
Mara 12. Nimeona kama macho yake yamerudi.

Aprili 20
Mara 11! Amekula uji nusu bakuli. Akaniambia, "Umepoa." Ni neno la kwanza toka siku ile. Nilikwenda kuupasha nikiwa nakimbia kwenye korido, mlinzi akanifokea, "Bibi, hapa si uwanja wa mpira."

Aprili 22
Mara 11.

Aprili 24
Mara 13.

Aprili 25
Mara 15. Homa imerudi. Hii ni siku ya tisa ya dawa ya mshipani. Leo ningekuwa mimi ningesimamisha kwa ujinga wangu. Wao wanaendelea mpaka mwisho na bado haisaidii.

Aprili 28
Wamemwingiza kamera. Tangi lote ni vidonda, na pembeni pametoboka, usaha umejikusanya. Mkavu ametueleza sisi watatu, akiwa amekaa. Alichora kwenye karatasi. Amesema usaha atauvuta kwa sindano, lakini tangi lenyewe halitapona likiendelea kupitisha choo. Inabidi wapasue, wautokeze utumbo nje ya tumbo kama zamani. Mfuko. Na safari hii asitudanganye, huenda ni wa maisha.

Nikapiga magoti. Siandiki kwa kujisifu, nilipiga magoti kweli, mbele ya wagonjwa wengine. Nikasema, "Daktari, ipo dawa nyingine, tafuta, tutaitafuta popote, usimrudishe kwenye mfuko, bado msichana."
Kifungo akasema, "Mama, simama."
"Mwanangu, acha nimwombe..."
"Simama. Nipeni mfuko."

Ndipo akaongea. Nadhani alikuwa ameyaweka muda mrefu. Kwamba ile miezi minane ya mfuko alifundisha vipindi vyote amesimama. Alikwenda safari na wanafunzi. Alilala. Kwamba tangi hakulitaka yeye. "Wewe ndiye ulilitaka. Ulisema nani ataoa mwanamke mwenye mfuko wa mavi. Ulisema jikoni, unamenya viazi, ukadhani nimelala."

Baba yake aliangalia dirishani. Mkavu aliangalia mchoro wake. Ni kweli nilisema. Hata viazi navikumbuka. Na mfuko ulipotoka nilichukua yale magauni mapana niliyomshonea, nikayakata matambara ya kufutia mashine. Nilikata kwa furaha.

Mara 16.

Mei 2
Mara 16. Usaha umevutwa. Wanamwongezea damu kabla ya kumpasua.

Mei 6
Wamemwingiza saa mbili asubuhi. Kabla hawajamsukuma nilitaka kumwambia kitu, nikakosa, nikamfunga vizuri kamba ya gauni la hospitali mgongoni, fundo lililegea. Akasema, "Hata hapa unarekebisha." Sijui kama alikuwa anacheka.
Saa tatu. Saa nne. Saa tano. Baba yake ametengeneza bomba la korido lililokuwa linadondoka, hakuna aliyemwomba.
Saa saba na nusu Mkavu ametoka. Amesimama kama kawaida yake. Amesema, "Yuko hai na anaendelea." Amesema kulikuwa na uchafu zaidi ya alivyotarajia, na tangi wameliacha kwa sasa lakini hadhani litatumika tena. Sikuuliza tena kama ni mimi.

Mei 7
Leo sina cha kuhesabu. Nesi amesema mfuko hauhitaji daftari langu. Mkono umezoea kuandika namba.

Mei 9
Usaha umerudi kwenye mshono. Wamefungua pembeni.

Mei 10
Hali si nzuri. Siandiki.

Mei 11
Hali hiyohiyo.

Mei 13
Homa imeshuka. Ameomba kioo. Amejitazama, akasema, "Huyu nani?" Tumecheka wawili, kidogo, akashika mshono.

Mei 19
Tumerudi nyumbani. Mvua imekonda, inanyesha asubuhi tu. Amepewa dawa za mwisho za ule mshono, karatasi moja ya vidonge kumi na vinne, kutwa mara mbili, siku saba. Nesi alinyoosha mkono anipe mimi. Kifungo akazichukua juujuu. "Nitashika mwenyewe."
Nikasema sawa. Ilinichoma lakini nikasema sawa.

Mei 21
Nimemuuliza kama amekunywa. Akanitazama. Sitauliza tena.

Mei 22
Sikuuliza.

Mei 23
Sikuuliza. Nilikaa juu ya mikono yangu.

Mei 24
Amekuja mwenyewe chumba cha cherehani. Akasimama mbele yangu, akainua blauzi. "Pima." Sikuwahi kuuangalia vizuri zamani, nilikuwa nageuza uso anapoubadilisha. Leo nimeuangalia. Ule utumbo uliotokeza ni mwekundu, umelowa, kama mdomo wa mtoto kwa ndani. Unajisogeza wenyewe. Nikapima juu ya mfuko, chini ya mfuko, ukiwa mtupu, nikamwambia nitapima tena ukijaa.
"Usiweke pindo la kukua," akasema. "Shona gauni la mtu wa ukubwa huu."
Nimekata kitambaa cha bluu. Nimekikata chote.

Mei 25
Shule imempangia kurudi baada ya mwezi, kama mshono utafunga. Mkavu amesema "kama" mara mbili. Usingizi wake ni mzuri. Wangu bado.

Mei 26
Jua toka asubuhi. Baba yake ametoa mifuko ya mchanga mlangoni.
Nilikuwa natia kishikizo kwenye gauni la bluu, Kifungo akaingia na glasi tupu. Akaweka kitu juu ya meza ya kukatia, akatoka bila neno. Ni ile karatasi ya vidonge. Nimeichukua nikaibandika hapa chini kwa gundi ya kazini, ionekane.
Nimepitisha kidole kwenye kila kishimo. Kumi na vinne. Vyote vimepasuka, hakuna kilichobaki.